Jinsi ya kuzunguka Thai Town ya Los Angeles: anza dukani, mezani baadaye

Niseme ukweli, wengi wanaoenda Thai Town wanaenda kichwa kichwa. Mtu anashuka kwenye gari, anaingia mgahawa wa kwanza wenye taa nyingi, anaagiza pad thai, zile tambi za kukaanga, anapiga picha, anakula nusu, anaondoka anasema "mbona kawaida tu". Sasa pad thai si unaipata kila kona ya Marekani jamani, umeendesha gari saa nzima kufuata nini? Mimi mtoto wa Tanga, nimekaa huku miaka, na nilikuwa hivyo hivyo mpaka shangazi yangu alipokuja kututembelea nikampeleka kule, yeye hata mgahawani hakutaka kuingia, alitaka aone kwanza sokoni wanauza nini. Tangu siku hiyo kila mgeni nampitisha njia ya shangazi, ndio hii naiandika hapa.

Kwanza ujue unaenda wapi

Thai Town iko East Hollywood, ni kipande cha Hollywood Boulevard, kama blok sita hivi kati ya Normandie na Western. Usitegemee geti kubwa lenye madragoni kama Chinatown, hamna. Utajua umefika ukiona sanamu za dhahabu pembeni ya barabara, zinaitwa apsonsi, juu mwanamke chini simba, ndio walinzi wa mtaa. Jiji liliutambua mtaa rasmi tarehe 27 Oktoba 1999 baada ya Thai Community Development Center kuupigania, shirika ambalo Chancee Martorell alilianzisha 1994, na mwaka uliofuata tu likajikuta linawasaidia Wathai 72 waliokutwa mji wa El Monte wamefungiwa ndani wanashoneshwa nguo kama watumwa. Naisema hii kwa sababu kwa macho mtaa unaonekana wa kuuza tambi na masaji tu, kumbe wenyewe wana mambo mazito nyuma yao.

Na usishangae ukikuta bekari ya Waarmenia katikati, eneo hilohilo linaitwa pia Little Armenia, wamepishana humo humo na maisha yanaenda.

Kufika

Panda treni. B Line ya Metro, shuka Hollywood/Western, ukipanda ngazi kutoka chini ushafika mwisho wa magharibi wa mtaa, unatembea kuelekea mashariki. Ukitokea Union Station, kile kituo kikuu cha treni, hubadilishi treni. Nauli ni dola 1.75 kwa TAP, kadi ya nauli ya Metro.

Gari ni kujitafutia kesi. Migahawa mingi iko kwenye zile plaza za maduka yaliyopangwa mstari mmoja yenye kipaking kidogo mbele, magari nane yamejaa, la tisa linangoja limewasha taa za hatari. Na kila paking ina kibao kwamba ni ya wateja wa hapo tu. Mimi niliegesha kwenye plaza moja nikavuka barabara kwenda kula upande wa pili, kurudi gari limevutwa. Hela niliyolipa kulitoa ningekula mtaa mzima mara tatu. Ukilazimika kwenda na gari egesha mtaa wa ndani, halafu soma kibao chote, mpaka mstari wa chini kabisa unaosema siku ya kufagia barabara, huo mstari ndio unaokula watu.

Muda: fika saa nne au saa tano asubuhi, siku ya kazi kama unaweza. Beba keshi kidogo, sehemu nyingine za zamani kadi hawaipendi. Na kama ni Aprili angalia kwanza tarehe, mwaka mpya wao Songkran unaangukia tarehe 13 hadi 15, na huwa kuna Jumapili wanafunga barabara kwa sherehe, ni raha sana ila siku hiyo sio ya kuzunguka kwa utulivu.

Ingia dukani, ila usinunue kitu

Hii ndio hatua ninayoililia. Kuna Silom Supermarket, iko ndani ya Thailand Plaza, na kuna Bangluck Market, zote zipo Hollywood Boulevard hapohapo. Chagua moja. Chukua kikapu uonekane mtu wa maana halafu tembea taratibu, kuanzia mboga.

Nyinyi watu wa pwani mtacheka. Mchaichai huo umefungwa mafungu mafungu, na wao sio wa chai, wanauponda kwenye viungo vya mchuzi. Ukwaju, wa maganda na ule wa donge. Tui la nazi makopo ukuta mzima, ukutaniii, mpaka unajiuliza hizi zote anakula nani. Papai bichi, hilo ndio la som tam, saladi wanayoitwanga kwenye kinu na mchi, yani ni kachumbari iliyopigwa. Pilipili zile ndogo ndogo ni pilipili kichaa zetu kabisa, Kithai chake "phrik khi nu". Majani ya mrihani ya aina mbili tatu, nusa, kuna moja lina harufu kali ya karafuu karafuu hivi, lile ndio la pad kaphrao, nyama ya kukaanga na mrihani. Kuna mboga ya majini ina mashina matupu katikati kama mrija, wao wanaiita "phak bung", ukiangalia jani lake utasema mbona kama tembele, na kweli ni ndugu wa ukoo mmoja na kiazi kitamu. Na yale majani marefu membamba ya kijani wanayotilia harufu kwenye vitamu, pandan, hayo ni ukoo wa mkadi. Shangazi aliyanusa akasema "harufu ya harusi hii".

Halafu ukafika kwenye matunda. Shangazi akasimama, akaniita kwa sauti duka zima likageuka, "Mwanangu, si shokishoki hizi!" Ndio, shokishoki shangazi, na doriani zile pale kwenye friza, na fenesi limekatwa vipande linauzwa kwa bei ambayo alipoibadilisha kwenda shilingi alikaa kimya dakika nzima. Akasema fenesi kwao linaoza chini ya mti hakuna wa kuliokota.

Nenda sasa upande wa chupa. Nam pla, ile sosi ya samaki, usiiogope, ni dagaa na chumvi vimeachwa vikachacha miezi mpaka yakatoka maji. Kapi ni uduvi uliosagwa na chumvi ukawa kama udongo wa zambarau, unanuka balaa kwenye kopo ila kwenye sufuria unageuka kitu kingine. Vikopo vidogo vya viungo vilivyokwishasagwa, chekundu, kijani, cha njano, na kimoja kimeandikwa massaman. Hicho kishike mkononi kidogo. Jina lenyewe linatokana na neno la zamani la kusema Mwislamu, na ndani utakuta mdalasini, iliki, karafuu, halafu kinapikwa na viazi na karanga na tui la nazi. Ukikila unajua kabisa kwamba majahazi yaliyopita kwetu na kwao yalikuwa yanabeba mizigo ya aina moja.

Sasa kuna hadithi moja ya maduka. Zamani Wathai wa huku hawakuwa na pa kupata hivi vitu, mpaka Pramorte Tilakamonkul alipofungua Bangkok Market mwaka 1971 barabara ya Melrose, kusini kidogo ya hapo. Duka lile ndilo lililowawezesha wapishi wengi wa Kithai kufungua migahawa, maana utapika tom yum, ile supu yao chachu, na nini kama huna mchaichai wala galanga, kile kiungo ndugu wa tangawizi? Lilifungwa 2019, na mtoto wake Jet Tila ni yule mpishi wa kwenye tivii. Kwa hiyo ukiniambia duka linafuata mgahawa nitakukatalia, huku duka ndilo lililoifungulia njia migahawa mingi.

Baada ya nusu saa rudisha kikapu, toka. Utarudi jioni.

Mchana kula tambi

Sapp Coffee Shop, iko palepale Hollywood Boulevard. Jina la kahawa lisikuchanganye, watu wanaenda kwa tambi. Ni pa mchana, ukienda usiku utakuta giza. Chumba cha kawaida, meza za kawaida, bakuli la boat noodles ndilo lenye jina, supu nyeusi nzito yenye viungo, zamani ilikuwa inauzwa kwenye mitumbwi ya mifereji ya Bangkok na bakuli lilikuwa dogo ili muuzaji asimwage akimpa mteja.

Hapa Waislamu wenzangu nisikilizeni vizuri kabla hamjapiga picha. Ule weusi na uzito wa supu ni damu, ya ng'ombe au ya nguruwe, ndio upishi wake wenyewe sio siri. Na nguruwe yuko kila mahali, kwenye supu, kwenye wali, anakatwa vipande vya kukaanga juu ya mboga. Kusema "sili nguruwe" haitoshi maana supu inaweza kuwa imechemshwa na mifupa yake. Mimi nafanya hivi: naagiza samaki, kamba, mayai au mboga, naomba kikaango kisafi, na nasema "mai sai mu", yaani usitie nguruwe, halafu nauliza supu ya nini. Nyama na kuku naachana navyo mpaka nione wenyewe wameandika halali, sio nimeambiwa na rafiki wa rafiki. Ukiona kwenye menyu khao mok gai, huo ni wali wa Waislamu wa Kithai, binamu wa biriani kabisa, lakini kuandikwa kwake hakumaanishi mpishi ni Mwislamu, uliza bado.

Kwa wasio na mipaka hiyo, nyie boat noodles, au zile tambi za kijani za mchicha zenye bata na kaa na nguruwe juu, kavu bila supu.

Mezani utakuta kikapu cha vikopo vinne: sukari, pilipili kavu ya kusagwa, siki yenye pilipili, na nam pla yenye pilipili. Vile sio mapambo. Tambi za Kithai zinaletwa hazijamalizika, unamalizia mwenyewe. Onja kwanza bila kutia kitu, halafu tia kidogo kidogo, kijiko cha sukari ndio usikiruke hata kama roho inakataa, kinatuliza ukali wa siki. Vijiti ni vya tambi tu. Wali unaliwa kwa kijiko, uma ni wa kusukumia chakula kwenye kijiko, na wali wa kunata unaliwa kwa mkono, finyanga tonge chovya, hapo hamna wa kukufundisha.

Habari ya pilipili

Mgahawa mmoja sitautaja, dada wa pale aliniuliza kali kiasi gani, nikajibu kwa kifua "weka kama ya kwenu", kisa nimekua na achari ya pilipili. Alinitazama vizuri kama mara mbili, akaniuliza tena, nikasisitiza. Ndugu zangu. Masikio yalianza kuvuma. Nilitoka nje nikasimama chini ya jua la Hollywood nikaona afadhali jua. Na yule dada hana kosa, aliuliza mara mbili.

Mara ya kwanza kwa hiyo sema "phet nit noi", kali kidogo, au "mai phet" isiwe kali kabisa, ambayo bado itakuwa na kapilipili. Maji hayasaidii. Agiza wali mweupe, tango, au chai ya Kithai ile ya rangi ya chungwa yenye maziwa mazito. Ukizoea pandisha daraja ziara inayofuata, hawakimbii.

Saa tisa, vitamu

Bhan Kanom Thai, plaza moja na mgahawa wa Ruen Pair nitakaoutaja chini. Ni duka dogo limejaa vifurushi mpaka huoni pa kuweka kiwiko. Ulizia khanom krok. Ni uji wa mchele na tui la nazi, unamiminwa kwenye chuma chenye mashimo ya duara, chini panakuwa pakavu pa kahawia juu panabaki laini kama maziwa. Wewe na mimi tunalijua lile chuma, la vitumbua lile! Tofauti vya kwao havigeuzwi, wanachukua nusu wanafunikia nusu, na juu wengine wanatupia majani ya vitunguu au mahindi, tamu na chumvi pamoja. Shangazi alikula sita, akasema hamira hawajatia, akala mbili tena.

Embe na wali wa kunata wenye tui kila mtu anaujua, ule tu kama embe ni za msimu, embe ngumu ya friji inaharibu kila kitu. Vingine chagua kwa macho, bei ni ndogo na ukikosea umekosea kifurushi kimoja.

Kati ya hapo na jioni pumzika. Ukitaka masaji ya Kithai maduka yapo mengi, unavaa nguo zao laini za kulegea, wanakukunja na kukukanyaga, sio la kupaka mafuta na kulala. Au tembea mpaka Barnsdall Park upande wa Vermont, kile kilima chenye Hollyhock House, nyumba iliyochorwa na mbunifu majengo Frank Lloyd Wright, kaa kwenye majani chakula kishuke.

Jioni nenda na watu

Chakula cha usiku cha Kithai usiende peke yako, utaumia. Menyu imetengenezwa kwa sinia la watu wengi. Kanuni yangu watu wanne: mchuzi mmoja wa nazi, supu moja chachu, kitu kimoja cha kukaanga au samaki mzima, mboga moja, saladi moja ya kutwanga, na wali. Vyote vinakaa katikati, kila mtu anachota kijiko kimoja kimoja kwenye wali wake, usijikombee nusu bakuli, wanakuona.

Ukitaka vyakula vya kusini mwa Thailand nenda Jitlada, hii iko Sunset Boulevard, blok chache kusini. Sarintip Singsanong, wote wanamwita Jazz, na kaka yake Suthiporn Sungkamee waliichukua mwaka 2006 wakaleta mapishi ya kwao kusini, na mwandishi wa chakula Jonathan Gold akaipigia debe mpaka mastaa wakaanza kupanga foleni. Kaka alifariki 2017, Jazz akaendelea. Menyu yake ni kitabu, usijaribu kuimaliza. Uliza khua kling, nyama iliyokaangwa kavu na viungo mpaka mchuzi wote umekauka, ni moto kweli kweli, na agiza samaki wa manjano, wanatumia bizari mbichi kule kusini kama sisi.

Ruen Pair ni nyingine kabisa, mapishi ya Wathai wenye asili ya China, haina mbwembwe, na kwa miaka imejulikana kwa kuwalisha watu usiku wa manane, ila cheki saa zao siku hiyo kwenye simu maana baada ya korona wengi wamebadilisha. Pale agiza ile mboga ndugu wa tembele iliyokaangwa fasta na vitunguu saumu, pamoja na kimanda cha turnipu ya chumvi. Vinaonekana vya kijinga kwenye karatasi. Agiza tu.

Dirishani kila mgahawa wa Los Angeles lazima ubandike herufi ya usafi, A, B au C, kutoka kwa wakaguzi wa afya wa kaunti. Kuna wajuzi watakuambia B ndio penye ladha. Mimi nakula A na B, C napita.

Bili ikija kumbuka bei ya menyu haina kodi ndani, na tipu ni asilimia 18 hadi 20, sio sheria ila inategemewa kabisa, sio kama nyumbani, wahudumu wanaishi nayo. Mkiwa wengi angalia kwanza kama tayari wameiweka.

Adabu ni chache tu. Salamu ni "sawasdee khrap" kwa mwanaume na "sawasdee kha" kwa mwanamke, asante "khop khun" na mkia uleule. Picha ya mfalme ukutani usiifanyie mzaha. Kijumba kidogo chenye maua na soda nyekundu nje ya duka ni cha mizimu ya mahali, usikiegemee na hiyo soda sio ya kwako. Usimshike mtoto wa mtu kichwani hata kama ni mzuri kiasi gani.

Kama siku yenyewe ni Jumamosi au Jumapili

Badilisha mpango wa mchana, nenda Wat Thai, hekalu la Wabudha lililoko North Hollywood, barabara ya Coldwater Canyon. B Line hiyohiyo mpaka mwisho halafu basi au teksi. Wikendi uwanja wa hekalu unakuwa soko la chakula, akina mama wanatwanga papai mbele yako, wanachoma mishikaki, khanom krok za moto moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Wahi asubuhi, vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, vua viatu ukiingia ndani ya jengo la ibada.

Rudi dukani sasa ununue

Kabla ya treni pita kulekule ulikoanzia asubuhi. Sasa hivi kile kikopo unajua kina ladha gani na yale majani uliyala kwenye nini, hununui kwa kubahatisha. Begi langu la kila siku: makopo manne ya tui, kikopo kimoja cha massaman, nam pla chupa moja iliyofungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki (ikipasuka kwenye begi tupa begi), ukwaju wa donge, mchaichai, na majani ya ndimu ya kuweka friza. Vya baridi chukua mwisho kabisa, na muulize mtu wa kaunta shokishoki za leo zimeingia lini, zikiwa zimeanza kuwa nyeusi kwenye manyoya ziache. Shangazi alibeba kilo mbili, na kwa kuwa kwenye Metro hairuhusiwi kula, alizikumbatia mapajani njia nzima mpaka tukafika nyumbani.